Kijana Huyu Simjui

Baktra, mwezi wa kuvuna zabibu, mwaka wa sita tangu tuvuke maji kuingia Asia

Kwa Zaika, mke wangu, bondeni kwetu, kule mto Strimoni unakoanzia.

Mimi ni mzima. Karani wa Kigiriki anayeniandikia ananiambia nianze kwa kuwaombea nyote kwa miungu. Basi nimewaombea, aandike hivyo, tuendelee.

Zaika, nimepandishwa. Sasa ni mkuu wa hamsini. Sisi Waagriani ndio tunaotangulia kila penye mwamba, kila penye daraja lililovunjwa, kila mahali ambapo wenye ngao kubwa hawawezi kukimbia. Mfalme akiona jabali refu husema tuitwe sisi. Wenzetu Wamakedonia wanatuita mbuzi wa mfalme, nasi tunawaambia heri mbuzi kuliko punda wa mizigo.

Mwambie mke wa mhunzi kwamba mwanawe Bitu anamsalimu sana. Amenenepa.

Nina neno moja kubwa. Mukatra sasa ana miaka kumi na sita, kama hesabu sijaipoteza. Watakapokuja kuchukua vijana, mtoe. Awe na mikuki mitatu mizuri ya mti mgumu wa mlimani na kofia yake ya ngozi ya mbweha, aje asimame upande wangu. Nataka watu waseme, huyu ndiye mwana wa Dizala. Usiniulize mengi. Mtoe tu.

Brinka, wewe unayemsomea mke wangu barua hii, msomee polepole, usiruke maneno.

Dizala, mumeo

*

Baktra, theluji inayeyuka, mwaka wa saba

Zaika,

Barua hii naiandika mwenyewe. Herufi alinifundisha Brinka kabla hajakatwa mguu, nami nikamcheka, nikamwambia kalamu haimuui mtu. Utavumilia mwandiko. Natumia mkono wa kushoto.

Usimtoe Mukatra. Kama barua yangu ya kwanza imefika, ichome. Kama haijafika, shukuru.

Ile ya kwanza karani alikuwa ananitazama mdomoni, sikuweza kusema kweli. Kweli ni hii. Bega langu la kulia lilipondwa na jiwe mwaka jana tukipanda jabali. Mkono upo, lakini hauinuki kupita kiuno. Mtu asiyeweza kurusha mkuki hapelekwi nyumbani, mama Mukatra. Tulidhani hivyo tulipotoka, sivyo? Anaachwa huku kwenye mji mpya uliojengwa kwa udongo na mashaka. Anapewa shamba na mwanamke wa huku kama anamtaka, na analinda ukuta mpaka afe. Ziko njia mbili za kutoka: afe, au aje mtu wa damu yake ashike nafasi yake. Akija mwana, baba anaachiliwa.

Nilikutaka umtume mwanangu ili mimi nirudi. Nimeandika sasa, siwezi kufuta.

Wakati wa baridi walifika vijana kumi na tisa wa bondeni kwetu. Nilipewa niwafundishe. Wamebaki kumi na mmoja. Yule mwana mdogo wa Tarsu, mwenye masikio makubwa, aliteleza kwenye mwamba alfajiri. Tulikuwa tumewaamuru wasipige kelele hata iweje, adui asitusikie. Alianguka na hakupiga kelele. Mpaka chini, Zaika. Nilimfundisha vizuri.

Na Bitu hakunenepa. Bitu alikuwa amekwisha kufa siku nilipokuandikia kwamba anamsalimu mama yake. Umwambie mama yake ukiona unaweza. Ukiona huwezi, nyamaza kama mimi.

Mfiche kijana. Mpeleke malisho ya juu.

Dizala

*

Bondeni, mwezi wa kukata majani, mwaka wa saba

Kwa Baba Mukatra, huko aliko.

Sisi ni wazima, wasiwasi wote uko kwako. Barua yako imefika imelowa na imekunjwa kama jani la kabichi. Brinka ameisoma mara tatu. Ile mara ya pili mke wa mhunzi aliingia, akasikia Bitu amenenepa, akacheza pale pale mlangoni na mzee wake. Sijamwona akicheza tangu mwondoke.

Kuhusu Mukatra, hawezi kuja. Kifua chake kibaya. Akipanda kidogo anakohoa, na mkono wake wa kurushia hauna nguvu, amechukua kwa mjomba wake. Nasikitika kukuvunja moyo. Huku shayiri imeota vizuri, ng'ombe mwekundu amezaa, na mimi nimebakiwa na meno ya kutosha.

Umesema nisiulize, siulizi. Lakini miaka saba, Dizala! Unapata nafasi ya kuandika, unamtaka mtoto. Kwangu hukuuliza hata kama nywele zimekuwa nyeupe. Zimekuwa.

Zaika, mkeo

Ni mimi Brinka, ndugu yangu. Zaika ameinuka kwenda kukamua, nami naongeza haya kwa siri. Kifua cha Mukatra ni uongo mtupu. Juzi alimwangusha nguruwe mwitu kwa mkuki mmoja, hatua sitini, mbwa hawajafika. Ni wewe mtupu, ila ana adabu. Mimi nilikaa kambini miaka minne, sheria ninazijua. Mtu haombi mwanawe vile bila sababu. Ni mkono, au ni jicho? Zaika sijamwambia. Ila kijana naye si mjinga. Ananikalia kila jioni akiuliza, "Baba Brinka, kwa nini mzee ananitaka?" Nami kwa mguu wangu mmoja siwezi kumkimbia.

*

Bondeni, mwezi wa njugu kudondoka, mwaka wa saba

Kwa Dizala.

Mukatra ameondoka.

Alikwenda na vijana wengine thelathini na wawili. Waandikishaji hawakumwita, nilikuwa nimempeleka malisho ya juu na nikasema ana kifua. Alishuka mwenyewe, akasimama mwisho wa mstari na mikuki yake mitatu. Nilimshika nguo. Akaniambia, "Mama, baba hawezi kurudi mpaka mimi niende. Nitakwenda, atarudi, halafu nami nitarudi. Si mbali kiasi hicho." Si mbali! Hajawahi kuvuka hata mto wa pili.

Nikamuuliza nani kakwambia hayo. Akatazama chini. Basi nikajua.

Brinka ndiye anayeandika barua hii. Nimemwambia aandike kila neno ninalosema, asipunguze. Andika, Brinka: Brinka ni mbwa. Andika hivyo hivyo. Brinka amekula kwangu miaka mitatu, nimemfungia kigutu chake kwa mikono hii, na akamtoa mwanangu kwa ulimi wake. Analia sasa, anaharibu ngozi ya kuandikia. Endelea kuandika.

Na wewe, Dizala, sasa najua ulichokuwa unataka. Brinka amenieleza kila kitu: sheria yenu, mji wenu wa udongo. Ulitaka kubadilishana. Mtoto aingie, wewe utoke. Ungeniambia wazi, labda ningekufikiria. Ningekasirika mwaka mzima, lakini ningekufikiria, maana nami nimechoka kulala na mbwa miguuni. Lakini ulisema "watu waseme, huyu ndiye mwana wa Dizala." Ulinidanganya kwa sifa, kama mwandikishaji.

Akifika, mtazame vizuri kabla hujapanda nyumbu wako kurudi huku.

Zaika

*

Bondeni, theluji bado ipo, mwaka wa nane

Dizala,

Barua yako ya mkono wa kushoto imefika leo. Aliileta mfanyabiashara wa ngozi aliyezuiwa na baridi huko chini miezi miwili. Miezi miwili! Ilikuwa inalala kwenye mfuko wa mtu akila na kunywa, na Mukatra alikuwa bado hajavuka maji.

Nimekutukana katika barua iliyotangulia. Yale ya sifa yabaki, ulistahili. Mengine yafute.

Mama Bitu nimemwambia. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Basi nilicheza bure," akaingia ndani.

Mwanao yuko njiani kuja kwako, na wewe hutaki afike. Wala mimi sitaki. Na yeye hajui. Fanya utakalofanya. Mimi niko mbali mno hata kukushauri. Maneno yangu yatafika wakati mambo yamekwisha.

Zaika, mkeo

*

Mji mpya karibu na Baktra, mwezi wa joto, mwaka wa nane

Zaika, mke wangu,

Amefika. Amekwisha kuondoka. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, usimame pamoja nami pale.

Kwa sababu siwezi kurusha tena, kazi yangu ni kuwapima vijana wanaokuja. Nakaa kwenye kigoda, karani ananikalia pembeni na orodha, na kila kijana anapita mbele yangu. Nikisema anafaa, anaandikwa na kesho yake anapelekwa mbele. Jeshi limekwenda nchi nyingine tena, milima mingine. Hakuna anayeniambia mwisho uko wapi. Nikisema hafai, anarudishwa na msafara wa nyumbu unaoshuka kuchukua ngano. Neno langu ndilo linalofuatwa.

Nilimjua kabla hajafika. Anatembea kama kaka yako, kisigino kikigusa chini kwanza, kama mtu anayekwenda kudai mbuzi wake. Ni mrefu kunizidi. Hukuniambia kwamba ni mrefu.

Akasimama akatabasamu. Akamwambia karani, "Mimi ni Mukatra mwana wa Dizala, nimekuja kushika nafasi ya baba yangu." Alikuwa amejifunza kusema hivyo kwa Kigiriki, njia nzima labda.

Karani akafurahi. Si mtu mbaya. Akaniambia, "Mzee, bahati yako imefika! Ndiye mwanao?"

Zaika, nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja. Nikisema ndiye, anaandikwa kwa haki, hakuna wa kumtoa tena, nami napanda nyumbu kuja kwako. Nakuapia, niliiona nyumba. Niliuona mlango.

Nikasema, "Kijana huyu simjui."

Karani akasema, "Lakini anakutaja jina."

Nikasema, "Kila kijana wa Strimoni akifika hapa anasema mimi ni baba yake. Wanadhani nitawaongezea nyama. Ningekuwa na watoto wote hao, mgongo ungekwisha kabla ya bega." Watu wakacheka. Nilijitahidi wacheke.

Akaniambia kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, "Baba, ni mimi. Mama anaitwa Zaika. Ng'ombe wetu..." Nikamkata. Nikamshika mkono wake wa kulia, nikaukunja, nikauviringisha, nikamwambia karani: mfupa huu uliwahi kuvunjika, ukaunga vibaya. Andika, hafai kurusha.

Hapo ndipo alipopiga kelele. "Nipe mkuki! Nipe mkuki mmoja uone!" Sikumpa. Ningempa mmoja tu, ningempoteza. Kila mtu pale angeona. Ilibidi wawili wamshike, wamtoe.

Utaniuliza kwa nini sikumwita pembeni nikamweleza. Nilifikiri hilo siku zote alizokaa kwenye zizi la nyumbu, siku nne, hatua mia mbili kutoka kwangu. Ningemweleza, angekataa kuondoka. Angekwenda kwa karani mwingine akathibitisha. Kijana aliyetembea karibu mwaka mzima ili baba yake arudi nyumbani hawezi kurudishwa kwa maneno mazuri. Alirudishwa kwa chuki, basi. Ana chuki ya kutosha kumfikisha.

Nilimpa mwenye msafara kofia yangu nzito ampe njiani kwenye baridi, aseme ameiokota.

Mimi nimepewa shamba. Lina mawe. Mwanamke sijachukua. Mkono wa kushoto unajifunza jembe polepole kuliko ulivyojifunza kalamu. Sitakuja, Zaika. Nilikuwa na mlango mmoja na nimeufunga mwenyewe. Usimwache mtu akuite mjane mpaka usikie nimekufa, ila ukichoka kungoja, sitakulaumu.

Akifika, usimwambie kweli mapema. Mwache kwanza akae, amalize mwaka mmoja wa kupanda, azoee. Akijua mapema atarudi huku.

Dizala, mumeo

*

Bondeni, mwezi wa kupanda shayiri, mwaka wa tisa

Kwa Dizala mwana wa Skaru, mkuu wa hamsini.

Mukatra amefika. Amekonda, vidole viwili vya mguu vimekufa kwa baridi. Siku ya nne alisema, "Mama, yule mzee alinitazama usoni akasema hanijui. Akanifanyia mzaha. Watu wakanicheka."

Nilimwambia labda hakuwa wewe. Akasema ana kovu la mbwa kwenye shavu. Ni wewe.

Nimejaribu kukuelewa. Nimesema labda akili imeharibika, labda una mke mpya na watoto wapya na huwataki hawa wa zamani. Brinka anasema haiwezekani, anakutetea, na mimi namwambia anyamaze, maana yeye na ulimi wake ndio mwanzo wa yote.

Kijana hashiki tena mkuki. Wenzake wanamwita Mkono Mbovu, maana msafara uliomleta ulileta na habari zake. Wasichana wanacheka kisimani. Aliyekuwa anapiga nguruwe hatua sitini sasa anachunga mbuzi peke yake, hapiti penye watu.

Nguo zako nimempa mama Bitu azikate. Kama una neno la kuniambia, liseme, lakini usiandike tena kwamba wewe ni mume wangu.

Zaika binti Sadala

*

Bondeni, mwezi wa kukata majani, mwaka wa kumi

Kwa Baba Mukatra.

Barua yako ya mwezi wa joto, ile ya kigoda na karani, imechukua miaka miwili kufika. Haijulikani ilizunguka wapi. Ina muhuri wa miji mitatu nisiyoijua hata mmoja. Brinka alianza kuisoma, alipofika kwenye "simjui" akasimama, akaniuliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee.

Ulisema nisimwambie kijana mapema. Alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini. Alisikia yote.

Aliomba asomewe mara ya pili pale uliposhika mkono wake. Brinka akamsomea. Akatoka nje akakaa zizini na mbuzi mpaka jua likazama. Nilidhani kesho yake nitakuta ameondoka, nikamfungia mkate kwenye kitambaa, maana nimechoka kuzuia watu, Dizala. Lakini asubuhi alikuwepo, anakamua.

Siku ya sita waandikishaji wakaja. Safari hii wamekuja wengi, na wanachukua hata wenye miaka kumi na minne. Walipanga vijana wote uwanjani, mkubwa wao akawa anasoma orodha za zamani. Akafika kwa Mukatra, akasoma: amepimwa Baktra, hafai kurusha. Akamtazama juu mpaka chini, mabega yale. Akasema, "Huyu? Nani aliyempima, kipofu?"

Mukatra akasema, "Alinipima mkuu wa hamsini Dizala. Anajua kazi yake."

Mkubwa akachukua mkuki akamtia mkononi, akaelekeza kwenye ngozi waliyoiwamba mtini, hatua thelathini, mtoto angeipiga. Kijiji kizima kilikuwa pale. Wale wanaomwita Mkono Mbovu walikuwa pale, na binti wa Tarsu ambaye najua anampenda, alikuwa pale. Nilimwona Mukatra akiushika ule mkuki. Aliushika sawasawa, kidole kwenye ukanda wa kurushia, kama ulivyomfundisha akiwa na miaka minane. Aliushika hivyo mara moja tu. Nikajua nimempoteza.

Halafu akakilegeza kiganja. Akaurusha kama mwanamke anayetupa maji ya kuoshea. Ukaenda hatua kumi, ukalala kwenye tope.

"Tena," mkubwa akasema. Akarusha tena. Hatua nane. Wa tatu ulimgonga kuku.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mkubwa naye akacheka, akapiga alama kwenye orodha, akaita jina lililofuata. Nami nilicheka, Baba Mukatra, nikicheka kwa nguvu kuliko wote, nimejifunika uso kwa mtandio, ili asije mtu akaona nilivyokuwa nalia.

Aliokota mikuki yote mitatu kwenye tope, akaifuta kwa nguo yake, akamrudishia mkubwa kwa mikono miwili. Kisha akapita katikati ya watu, hakuharakisha.

Brinka amezeeka, macho yanakwisha, na sijui nani atanisomea ukijibu. Mfanyabiashara wa ngozi anasema nchi ile sasa haipitiki na labda barua haitafika. Nimemwambia aichukue hivyo hivyo.

Zaika, mkeo